Mvinyo Ulikuwa Ukambani Kabla ya Chupa

Siku hizi kila mtu mtandaoni ni mtaalamu wa mvinyo. Unanunua chupa ya bei nafuu ya Afrika Kusini, unaimimina kwa kikombe cha chai kwa sababu glasi hakuna, unazungusha, unanusa, unatangaza kwamba umesikia harufu ya plamu. Ni sawa, hata mimi hufanya hivyo. Kitu hunikera ni vile tunaongea kana kwamba mvinyo ulifika Kitui na Makueni juzi, ukishushwa kwa lori.

Anza na lugha. Nyuki kwa Kikamba ni nzuki. Pombe ni uki. Asali ni uki wa nzuki. Rudia hayo maneno polepole uone yanakaa nyumba moja. Neno mvinyo, kwa upande mwingine, Kiswahili kililipata kwa Wareno, ambao meli zao zilifika pwani yetu 1498. Uki hatukuuomba kwa mtu.

Kinywaji chenyewe wengi mnakijua kama kaluvu, na majirani zetu Wakikuyu wanaita chao muratina. Ni asali na maji, au maji ya miwa, na lile tunda refu kama soseji la mti tunaouita muatine. Tunda bichi ni chungu na halifai. Linapasuliwa, linaanikwa juani, linachemshwa, linatiwa kwenye maji yenye utamu kidogo, linaanikwa tena, mpaka uchungu uishe. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya nyuzi zake, kwa sababu chachu inajificha humo. Ukishaweka tunda lililoiva hivyo kwenye kitete cha asali na maji, karibu na joto la moto, siku chache baadaye kinachemka chenyewe bila jiko. Ukimaliza unalitoa, unalikausha, unalihifadhi kwa awamu nyingine. Yaani susu zetu na wazee wao walikuwa wanafuga chachu. Mtu wa Ufaransa akifanya hivyo anaandikiwa vitabu.

Na wasee, kitaalamu hii si bia. Bia inatoka kwa nafaka, kama busaa. Kinywaji cha asali au tunda kilichochacha bila kutoneshwa kiko upande wa mvinyo. Waethiopia wana cha kwao cha asali, tej, kinachotiwa majani ya gesho, na hakuna anayekionea aibu. Ingia mkahawa wa Kihabeshi Nairobi, utaletewa kwa chupa ya shingo nyembamba, utapiga picha, utalipa vizuri.

Wa kwetu ulikuwa na sheria zake pia, na nyingine hazikuwa tamu kwa watu wa umri wetu. Uki ulikuwa wa wazee. Kijana alikuwa anachota maji na kutafuta kuni, si kunywa. Ulipelekwa ukweni pamoja na mbuzi wa ntheo, ulimwagwa kidogo chini kwa ajili ya waliokufa, ulipelekwa ithemboni wakati wa kuomba mvua. Hakukuwa na kunywa peke yako chumbani ukiangalia simu. (Sheria ya leo inasema miaka 18. Kama hujafika, wewe soma historia na ule chakula.)

Halafu wakaja wakoloni na makaratasi. Miaka ya 1920 na 1930 walitunga sheria za kile walichoita pombe ya wenyeji: leseni ya kupika, mahali pa kunywa, nani auze. Wakati huohuo, mwaka 1922, ndugu Hurst walianzisha kampuni ya bia Nairobi. George Hurst akauawa na ndovu mwaka uliofuata, na ndiyo maana bia ikaitwa Tusker. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Ile isiyosimuliwa sana ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa hadi 1947. Kwa hivyo kwa miaka 25 babu yako alikatazwa chupa, na hapohapo cha kwake nyumbani kilihitaji ruhusa. Ukiuliza tulijifunzia wapi kwamba chupa ni heshima na kitete ni ushamba, mimi naanzia hapo.

Baada ya uhuru serikali iliunda Kenya Wine Agencies mwaka 1969. Kampuni hiyo ilikuja kutengeneza mvinyo wa papai, na hata ikapanda zabibu Yatta, mlango wa pili kutoka Kitui, kwenye ukame uleule. Kumbe tunda la Ukambani linaweza kuwa mvinyo, mradi lipite kiwandani.

Lakini siwezi kuandika haya nikanyamazia vifo. Mwaka 2005 watu walikufa Machakos, na Mei 2014 wengine wengi katika kaunti kadhaa, Kitui ikiwemo, baada ya kunywa vitu vilivyotiwa methano. Hiyo ni kemikali ya viwandani ambayo mfanyabiashara anaongeza makusudi ili kileo kiwe kikali na faida iwe kubwa. Haitoki kwa asali na muatine. Ila msako ukija, kama ule mkubwa wa 2015, kwenye televisheni yote huwa ni pombe haramu: mtungi wa sumu na kitete cha mzee vinamwagwa kwenye mtaro mmoja. Sheria ya 2010 ilifuta ile ya zamani na kuruhusu hata chang'aa, ukiwa na leseni na viwango. Mama anayepika lita 20 kijijini viwango hivyo atavitoa wapi?

Sasa meza. Mvinyo mwekundu mtamu wa bei nafuu, ule tunaoupenda sote, ukiuweka na muthokoi unaizima kabisa. Sukari inakaa juu, mahindi na maharagwe yanabaki kama ubao. Mweupe mkavu unafanya vizuri zaidi, hasa kama muthokoi ina ndengu na kitunguu cha kutosha. Mbuzi choma anataka kitu chenye ukali wa kukata mafuta. Kaluvu iliyokaa siku za kutosha ina uchachu na moshi kidogo, utamu umebaki kwa mbali, na kwa mbavu za mbuzi na chumvi tupu haina mpinzani kati ya chupa zote nilizoonja. Ikiwa changa ni tamu mno, hiyo wachia embe.

Katiba ya 2010 iliweka leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Kitui ina asali inayojulikana nchi nzima. Makueni ina maembe na kiwanda chake cha matunda kule Kalamba tangu 2017. Dukani Wote na Kitui mjini bado sijakutana na chupa ya kaluvu yenye lebo, imepimwa, na jina la kijiji ilikotoka limeandikwa mbele. Nikitaka mvinyo wa asali wa kuweka mezani bila kuogopa chifu, napanda matatu hadi Nairobi kununua tej.