Bia Iliyosahau Ladha Yake

Tuanze na chupa. Siku ukikaa kijiweni jioni na mshikaji wako akaagiza Safari au Tusker, usimtazame yeye, itazame chupa. Ni ya kahawia. Mimi tangu mtoto, enzi za kutumwa kurudisha kreti dukani, nilidhani ile ni rangi tu, wameipenda basi. Kumbe ina sababu. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, hayapatani na jua. Mwanga ukipenya kwenye chupa nyeupe, bia inageuka, inanuka kama kicheche. Kioo cha kahawia kinauzuia mwanga huo. Kule Marekani, kampuni iliyojigamba kuliko zote kwa chupa ya kahawia, kuanzia mwaka 1912, iliitwa Schlitz, ya mji wa Milwaukee.

Nimeifuatilia habari ya Schlitz kwa muda sasa. Washikaji wananicheka, eti mtu wa Dar anahangaika na bia ambayo hajawahi hata kuionja. Sababu ninayo, ila nitaisema mwishoni, maana naona haya kidogo.

Milwaukee iko kando ya Ziwa Michigan, kwenye jimbo la Wisconsin. Karne ya 19 Wajerumani walimiminika pale, wakaja na ujuzi wao wa kupika bia ya baridi, ile inayotaka kulazwa muda mrefu mahali penye ubaridi. Barafu ya kukata kwenye maji wakati wa kipupwe ilikuwa tele. Mmoja wao, August Krug, alianza kupika mwaka 1849. Baadaye akamwajiri kijana wa kumshikia hesabu, Joseph Schlitz. Krug akafa 1856, karani akashika kiwanda, na baada ya miaka miwili akamwoa na mjane wa marehemu, Anna Maria. Kisha kiwanda kikapewa jina lake. Usiniulize watu wa mjini walisema nini, lakini umbea ni umbea popote.

Bahati yao ilitoka kwenye msiba wa wengine. Oktoba 1871 mji wa Chicago, ulio kama kilomita 145 kusini, uliungua, na viwanda vya bia vya pale vingi vikaungua nao. Bia ya Milwaukee ikapelekwa huko, Schlitz wakiwa mstari wa mbele, na soko hilo hawakuliachia tena. Hapo ndipo mji ulipoanza kuhusishwa na bia, na kampuni ikaja kujitangaza kwa msemo kwamba yenyewe ndiyo bia iliyoupa mji huo sifa. Majivuno, ndiyo, lakini hayakuwa ya uongo. Mwaka 1902 walivuka mapipa milioni 1 kwa mwaka.

Joseph mwenyewe hakuyaona hayo. Mei 1875 meli iliyoitwa Schiller iligonga miamba karibu na visiwa vya Scilly, Uingereza, naye akazama nayo. Maiti yake haikupatikana. Kiwanda kikabaki mikononi mwa akina Uihlein, wapwa wa Krug, nao wakaliacha jina la karani kwenye lebo.

Miaka ya marufuku ya pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, nitaipita haraka. Waliuza sharubati ya kimea, hamira, wengine katika ukoo wakajaribu hata chokoleti, wakapona. Miaka iliyofuata Schlitz ikawa ya kwanza Marekani nzima, ikipokezana nafasi hiyo na Budweiser ya St. Louis. Mwaka 1953 wafanyakazi wa viwanda vya bia vya Milwaukee waligoma siku 76, na wenzao wa St. Louis wakauza bila kupumua. Kufika 1957 nafasi ya kwanza ilikuwa imekwenda. Hata hivyo kuwa wa pili katika nchi kubwa namna ile si kufa. Bia ilipendwa, na pale mjini mtu alikuwa anaagiza Schlitz kama unavyoagiza maji.

Sasa ndugu msomaji, nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye hadithi.

Miaka ya 1960 na 1970 wakubwa wa kampuni walitaka kumkamata wa kwanza kwa njia ya mahesabu. Bia inakula muda: hamira inafanya kazi yake taratibu, halafu pombe inalazwa mpaka itulie. Wao wakasema, mbona tunangoja? Wakabuni namna ya kuichachusha harakaharaka. Siku zikapunguzwa. Shayiri ni ghali, basi sehemu ya kimea ikaondolewa, ikaingizwa sharubati ya mahindi. Kila badiliko lilikuwa dogo. Nasikia hoja yenyewe kama niko kikaoni: mnywaji hatatambua. Na kweli, ukilinganisha bia ya mwaka huu na ya mwaka jana, hutambui. Lakini nani alikuwa anailinganisha na ya miaka kumi nyuma?

Mwaka 1976 kikaharibika. Walikuwa wanatumia silika kuifanya bia iwe angavu. Wakaingiwa na hofu kwamba serikali itawalazimisha kuandika kila kitu kwenye lebo, wakabadilisha dawa. Dawa mpya haikupatana na ile nyingine iliyokuwa inashikilia povu. Ndani ya chupa vikaanza kuelea vichengachenga vyeupe. Fikiria umefungua bia yako mbele ya wageni, unakuta inaelea makamasi! Wakubwa kwanza walijikausha. Mwishowe wakakusanya kimyakimya chupa na makopo kama milioni 10, wakaharibu. Mwaka uliofuata wakaleta matangazo ya televisheni, mabondia na wababe wengine wanaomkoromea mtu aliyetaka kuwabadilishia bia yao. Watu wa matangazo waliyapa jina la utani: kunywa Schlitz ama nikuue. Mteja uliyemnywesha uchafu, unamtisha tena? Mimi sijasoma biashara, lakini hili hata mama wa genge analijua.

Kilichobaki kilikwenda mbio kama tofali mtaroni. Juni 1981 wafanyakazi wa Milwaukee waligoma, na mwaka huohuo kiwanda cha mjini kikafungwa. Mwaka 1982 kampuni ikanunuliwa na Stroh ya Detroit. Mwaka 1999 Stroh nayo ikavunjika, jina la Schlitz likaangukia kwa Pabst, mpinzani wa zamani wa Milwaukee hiyohiyo, ambaye naye alikuwa ameshafunga kiwanda chake pale mwaka 1996. Jina lilizunguka kama gari la mtumba, kila mwenye nalo akipunguza matunzo. Likawa la bia ya kopo ya bei ya chini.

Pabst walipoamua kuifufua bia ile ya miaka ya 1960, walikuta kitu ambacho kilinifanya niweke kitabu chini. Fomula haikuwepo. Katika kuuzwa na kuuzwa tena, ilipotea. Kampuni iliyowahi kupika mapipa zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, yenye maabara na makabati ya mafaili, haikuacha karatasi ya kutosha kuipika upya. Ikabidi wawatafute wapishi wa zamani wa Schlitz, watu wazima waliokwishastaafu, wawaulize: ilikuwaje? Kimea kiasi gani? Hopsi ngapi? Na ladha yake ulimini? Wakapika, wakawaonjesha, wakapika tena.

Mwaka 2008 ikarudi Milwaukee, kwenye chupa ya kahawia, lebo ya zamani. Wazee walifoleni. Maduka mengine yaliishiwa mapema, wateja wakaandikishwa majina wangoje. Natamani ningekuwepo, niwaone wanavyofumba macho baada ya funda la kwanza.

Lakini tusidanganyane. Kilichorudi ni bia. Pabst walikuwa hawana kiwanda kikubwa chao wenyewe, bia zao zilipikwa kwa mkataba, nyingi katika viwanda vya Miller. Majengo ya zamani ya Schlitz yalikuwa yamegeuzwa ofisi. Waliogoma 1981 hawakuitwa kazini. Wachache tu miongoni mwa watu wa zamani waliitwa, nao waliitwa kwa ajili ya ndimi zao. Sijui nifurahi au nikasirike, nimeandika aya hii mara nne na bado sijui.

Sasa ile sababu yangu. Bibi yangu mzaa baba, kule Kibosho, alikuwa mpika mbege. Watu walishuka kutoka vihamba vya mbali kuifuata. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichache, zinachujwa. Ulezi ulioota unasagwa, unapikwa uji, unachanganywa. Na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu, hopsi yetu hiyo. Hayo kila mtu anayajua. Ya kwake ilikuwa na kitu kingine, na amekufa bila mimi kumuuliza, mimi ninayejiita mwandishi, ninayebeba daftari kila mahali.

Desemba iliyopita nilipopanda nyumbani kwa Krismasi nilimfuata shangazi, yeye ndiye alikuwa anamsaidia bibi jikoni. Nikafungua daftari.

“Shangazi, msesewe bibi alikuwa anaweka kiasi gani?”

“Kiasi chake.”

“Kiganja kimoja? Viwili?”

“Inategemea ndizi.”

“Sasa unajuaje kama umetosha?”

Akanitazama, akalitazama daftari, akacheka mpaka akashika mgongo.

“Unaonja, mwanangu.”

Nikaandika tarehe, nikaandika: unaonja. Halafu nikalifunga daftari, nikavua saa, nikamwomba anipe mwiko.