Kitovu cha Liyongo na Kisigino cha Achilles

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu wa sekondari kwamba Fumo Liyongo ndiye Achilles wetu. Somo hilo nilitoka nalo chuo cha ualimu, nami nililipenda kwa wepesi wake. Siku moja mwanafunzi akanyosha mkono: "Mwalimu, na Achilles aliuawa na mwanawe?" Nikamjibu kwa mkato kuwa sivyo, nikaendelea na somo. Nimestaafu, lakini swali lile halijaniacha.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Gustav Jung (1875–1961), alishikilia kwamba wanadamu wote hurithi maumbo ya fikra, aliyoyaita arketipu, yanayojitokeza katika ndoto, visasili na ngano. Shujaa asiyeuawa ila kwa siri moja ni mfano mzuri. Achilles wa Wayunani alichovywa na mamaye katika mto Styx, akabaki na kisigino kikavu. Siegfried wa Wajerumani, katika utenzi wa Nibelungenlied wa mnamo mwaka 1200, alioga damu ya joka, jani likamganda kati ya mabega. Liyongo hakudhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Tena Siegfried alichomwa mkuki akinywa maji chemchemini, na Liyongo alifia kisimani. Malenga wa Pwani na wa Wajerumani hawakukaa baraza moja, ila visa vyao vyafanana kama ndugu.

Hata hivyo, Jung mwenyewe alisisitiza kwamba arketipu ni umbo tupu. Maisha ndiyo hulijaza. Hapo ndipo nilipokosea. Siri ya Siegfried ilitolewa na mkewe, Kriemhild, akidhani anamlinda mumewe. Siri ya Liyongo iliulizwa na mwanawe wa kumzaa, aliyekwisha kuahidiwa ukubwa, kisha akamchoma babaye usingizini. Edward Steere aliyechapisha kisa hiki mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliyekitungia utenzi mwaka 1913, wote walimhifadhi mwana huyo na sindano yake. Wakahifadhi pia mauti ya shujaa: amepiga goti kisimani, mshale upindeni, na watu hawathubutu kuteka maji mpaka mamaye aletwe kumbembeleza maiti.

Basi kisa chetu hakihusu doa la mwili. Kinahusu damu kuisaliti damu, na mji unaomwogopa shujaa wake hata akiwa amekufa. Nilipomwita Liyongo "Achilles wetu", nilimfuta mwana, nikamfuta na mama.

Enyi malenga, vina na mizani ni vya wote, wala hakuna asifiwaye kwa kuhesabu mizani tu. Ruwaza za visa nazo ni hivyo hivyo. Nasi tukizitambua, tusiishie kufurahia kufanana. Tuulize kama alivyouliza mwanafunzi yule: nani aliyeshika sindano?