Jinsi vimeng'enya vinavyopima fenoli katika mitishamba

MAJANI ya mpera huchemshwa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ili kutuliza tumbo la kuendesha. Ndani yake mna kemikali za kundi la fenoli, zikiwemo kwasetini na asidi ya galiki. Hata hivyo, kiasi chake hubadilika kulingana na umri wa jani, udongo, msimu na namna lilivyokaushwa. Mnunuzi wa unga wa dawa hawezi kukitambua kwa kuutazama wala kuuonja.

Njia iliyozoeleka ya kupima fenoli ni dawa ya maabara ya Folin na Ciocalteu, iliyoelezwa mwaka wa 1927. Mnamo 1965, Singleton na Rossi waliiboresha kwa ajili ya kupima mvinyo. Sampuli hugeuka buluu, na rangi hukolea kadiri fenoli zinavyozidi. Udhaifu wake ni kwamba rangi hiyo huletwa pia na vitamini C pamoja na baadhi ya sukari na protini. Kwa hivyo, unga hafifu uliotiwa vitamini C unaweza kuonekana bora kuliko ulivyo.

Vimeng'enya, ambavyo wengi huviita enzaimu, huchagua zaidi. Kiazi kilichomenywa hugeuka cheusi kwa sababu kimeng'enya kiitwacho tairosinasi hutumia oksijeni ya hewani kuzigeuza fenoli kuwa kwinoni. Kingine ni lakasi, ambacho Hikorokuro Yoshida wa Japani alikieleza mwaka wa 1883 baada ya kuchunguza utomvu wa mti unaotengenezewa vanishi.

Kimeng'enya kikichanganywa na sampuli, ni vigumu kukipata tena. Ndiyo maana hufungwa mahali pamoja. Mnamo 1916, Nelson na Griffin wa Marekani walionyesha kwamba kimeng'enya cha kuvunja sukari kiliendelea kufanya kazi hata kiliponata kwenye makaa. Siku hizi hunaswa ndani ya jeli, au huunganishwa juu ya elektrodi kwa kemikali kama vile glutaraldehaidi. Kifaa kimoja huweza kupima sampuli nyingi kabla ya kudhoofika.

Elektrodi hiyo inapotiwa katika maji ya dawa, kimeng'enya huzigeuza fenoli kuwa kwinoni, nayo elektrodi huzirudisha kuwa fenoli. Hapo hupita mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo hulinganishwa na ule wa mchanganyiko ambao kiasi chake kinajulikana, kwa mfano wa katekoli, na hesabu hutolewa kwa kila gramu ya majani.

Mbinu hii nayo ina mipaka. Kila kimeng'enya kina fenoli zake. Kile kisichozishika hakizihesabu. Aidha, vitamini C inaweza kuzirudisha kwinoni kabla hazijafika kwenye elektrodi, na hivyo kupunguza mkondo. Katika njia ya rangi, vitamini hiyo huongeza hesabu. Katika njia hii huipunguza. Majibu ya njia hizo mbili yakitofautiana mno, mtaalamu ana sababu ya kuichunguza sampuli upya.

Matayarisho pia yana uzito. Jani bichi likipondwa, vimeng'enya vyake lenyewe huanza kuzibadilisha fenoli, jinsi inavyofanyika kimakusudi katika viwanda vya chai nyeusi huko Kericho. Jani la kupimwa basi hukaushwa upesi, au hutiwa katika maji yanayochemka au alkoholi ili vimeng'enya hivyo vizimwe.

Hata kipimo kikiwa sahihi, wingi wa fenoli si ushahidi kwamba dawa inaponya. Hilo huthibitishwa kwa majaribio kwa wagonjwa. Manufaa ya kipimo ni kuonyesha iwapo pakiti ya leo inalingana na ya jana. Bila ulinganifu huo, hata majaribio yenyewe hayawezi kuaminika, na mgonjwa hubaki akikisia kipimo cha kunywa.