Waifai ya bure na usalama wa taarifa zako
Waifai ya pamoja ni intaneti isiyo na waya inayotumiwa na watu wengi, mfano kwenye nyumba ya wageni au mgahawa wa Maisaka, mjini Babati. Hatari kubwa ni mtandao bandia: mhalifu hufungua wa kwake kwa jina lilelile, na ukijiunga, mawasiliano yako yanapita kwake. Anwani inayoanza na https huficha nywila yako njiani, lakini ukijaza ukurasa wa kughushi, umemkabidhi mwenyewe.

Muulize mhudumu jina sahihi la mtandao, zima kujiunga kiotomatiki, na miamala ya benki fanya kwa bando lako. Kunasa mawasiliano ya mtu kinyume cha sheria ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.