Matayarisho ya Safari ya Kuwazuru Jamaa Ng'ambo katika Nchi ya Ufipa

Wataalamu walioandika habari za Waafrika waliotoka kwao kwenda kufanya kazi katika migodi wamehesabu mambo mengi: idadi ya watu, mishahara, kodi na migomo. Safari moja wameipita upesi, nayo ni safari ya yule asiyekwenda kutafuta kazi bali kumtazama aliyeipata. Mke alimfuata mumewe. Mama alikwenda kumwona mwanawe. Mjomba alitumwa kuuliza kwa nini habari zimekatika. Watu hawa hawakutia sahihi mkataba wala hawakuandikwa katika daftari la bwana yeyote, na kwa hiyo habari zao si nyepesi kuziokota. Hata hivyo ni wao waliofanya jamaa zilizotengana zibaki kuwa jamaa. Katika makala haya nataka kuyatazama matayarisho ya safari hiyo kwa upande wa watu wa Kate, katika uwanda wa juu wa Ufipa, na pia maneno machache yanayohusika nayo, maana yako mambo ambayo madaftari hayakuyashika, na maneno yameyashika.

Kate iko katika wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, kaskazini ya mji wa Sumbawanga. Ni nchi ya nyasi na upepo, na baridi yake ya mwezi wa Juni na Julai humshangaza mtu wa pwani. Upande wa magharibi nchi hushuka ghafula mpaka Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki hushuka tena mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Basi kwa mtu akaaye juu ya uwanda huu neno ng'ambo si neno la mafumbo. Asili yake ni ya majini, yaani upande wa pili wa maji, na mtu wa Ufipa akisimama juu ya ukingo wa magharibi siku ya anga safi huiona ng'ambo kwa macho yake, milima ya Kongo. Ajabu ni kwamba ng'ambo iliyowavuta watu wengi zaidi haikuwa hiyo. Ilikuwa kusini, katika nchi ya shaba, mahali ambapo mtu aweza kufika kwa miguu asivuke ziwa lolote.

Tena upande huo wa kusini haukuwa ng'ambo tangu zamani. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka yao, na katika sehemu hii mto Kalambo ukawa mpaka mpaka unapoingia ziwani. Waliopatana walikuwa Ulaya. Huku Wafipa, Walungu na Wamambwe walikuwa wakioana, wakiuziana majembe na chumvi, na kutoroshana wakati wa vita. Roy Willis, aliyekaa Ufipa kwa utafiti katika miaka ya 1960, alipotoa kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya Wafipa na jirani zao, alilazimika kuzitaja katika jina la kitabu Tanzania ya kusini-magharibi na Zambia ya kaskazini-mashariki pamoja, kwani habari za watu hawa hazikubali kukatwa mtoni. Mpaka haukuwaondoa jamaa mahali pao. Uliwafanya watu wa ng'ambo huku wamekaa palepale.

Katika miaka ya 1930 migodi mikubwa ya Copperbelt, yaani Roan Antelope kule Luanshya, Nkana kule Kitwe, na Mufulira, ilikuwa imekwisha kuanza kazi, na wanaume wa kusini-magharibi ya Tanganyika walikuwamo miongoni mwa wachimbaji. Wengine wa Ufipa walikwenda mashariki, kwenye mashamba ya mkonge. Kulikuwa na tofauti kubwa kati ya shaba na dhahabu: migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini iliwaweka wanaume peke yao katika makambi yaliyozungushiwa ukuta, lakini makampuni ya shaba yaliruhusu wafanyakazi wengi kukaa na wake zao. Kwa sababu hiyo safari ya mwanamke wa Kate ilikuwa jambo liwezekanalo, na kwa kuwa liliwezekana, lilidaiwa. Asiyekwenda alijua kwamba mwingine aweza kukaa mahali pake. Watu wa Nyasa wana neno machona kwa wale waliokwenda kazini wasirudi tena. Hofu ya neno hilo ilikuwa ndiyo mwanzo wa matayarisho yote.

Hapa yafaa tutazame namna mbili za kuhesabu siku. Mchimbaji wa shaba alihesabu kwa tiketi, nayo ilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Siku ambayo hakwenda kazini haikutiwa alama, na mshahara ulingoja mpaka alama zitimie. Mfanyakazi wa mkonge katika Tanganyika alikuwa na kadi kama hiyo iliyoitwa kipande, nayo pia ilikuwa ya siku thelathini. Mwezi wa mgodini, basi, haukuwa mwezi wa mbinguni. Mtu aliyesema atakuja baada ya tiketi sita alikuwa hasemi miezi sita, na mkewe aliyezoea kuhesabu kwa mbalamwezi na kwa mvua alikosea akamwona mwongo. Nadhani ugomvi mwingi wa nyumba za wakati ule ulitoka katika hesabu hii. Neno likizo nalo lina sharti lake. Kulikiza ni kumwachia mtu aondoke kazini, na hivyo sharti awepo mwenye kuachia. Mwanamke wa Kate hakuwa na mtu wa kumlikiza. Alijilikiza mwenyewe kwa kuimaliza kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa kilimo cha matuta. Mkulima wa Ufipa hakutegemea kukata miti na kuichoma kama afanyavyo Mbemba. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hufukiwa chini ya udongo, udongo ukarundikwa juu yake kuwa matuta ya mviringo, majani yakaoza ndani kuwa mbolea. Maharage yaweza kupandwa juu ya matuta hayo; mvua zinaporudi, matuta hutawanywa, ukapandwa ulezi. William Watson, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya Wamambwe, alionyesha kwamba kilimo cha namna hii kiliwawezesha wanaume kwenda migodini bila kijiji kufa njaa, kwa kuwa kazi ya jembe yaweza kufanywa na waliobaki, hali kazi ya shoka katika nchi ya Wabemba iliwadai wanaume. Hoja yake ni nzuri, nami naona yafaa kwa Ufipa pia. Lakini naiongezea jambo. Ikiwa jembe lilimruhusu mwanamume aende, ni jembe hilohilo lililomfunga mwanamke asiende ila kwa kipimo. Matuta yaliyokosa kurundikwa katika mwezi wa Machi au Aprili hayawezi kurundikwa Agosti, kwa kuwa ardhi imekauka na majani hayaozi. Basi mtu aliyetaka kusafiri wakati wa kiangazi alianza kutayarisha safari kabla mvua hazijaisha, naye alitakiwa kurudi kabla ya Novemba. Kati ya mavuno na mvua mpya ndimo safari yote ilimotiwa, kwenda, kukaa na kurudi.

Baada ya mavuno nyumba iligeuka. Ulezi ulipurwa, ukapepetwa, ukaanikwa tena, kisha ukasagwa juu ya jiwe, na asiyepata kusaga ulezi kwa jiwe asidhani kwamba mfuko mmoja wa unga ni kazi ya asubuhi moja. Wanawake wa jirani walisaidiana. Maharage yalichaguliwa moja moja, karanga zikakaangwa, samaki wakavu wakatafutwa kwa watu wanaopanda kutoka ziwani. Nguo zilifuliwa na kushonwa palipochanika, kwa sababu mgeni huonwa kwanza nguo. Kuku alitiwa tengani. Na mzee wa nyumba alitaka pombe, nayo hutoka katika ulezi uleule, hata mama mwenye nyumba akawa hana budi kuugawa: huu wa njia, huu wa kumpelekea baba watoto, huu wa pombe ya kuagana, huu wa kula watakaobaki, huu wa mbegu. Mgawanyo huo ulikuwa siasa ya nyumba. Aliyependelea mfuko wa safari aliwanyima bibi na watoto waliobaki. Aliyeujali mno mfuko wa nyumbani alifika kwa mumewe mikono mitupu.

Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba chakula cha safari huitwa masurufu, na kitu apewacho mwenyeji huitwa zawadi. Twayatenga maneno hayo leo. Lakini zawadi latoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni chakula cha msafiri, akiba anayojitwalia kwa njia. Haijulikani kwa watu wa Kate, wala haikuwa lazima wajue. Lakini mfuko wao ulikuwa masurufu ulipoondoka na zawadi ulipofika, na unga uliobaki baada ya njia ndio uliotolewa. Waliokwenda kwa ubahili njiani walifika na heshima. Tena unga huo haukuwa kitu kidogo kwa mpokeaji. Katika migodi wafanyakazi walipewa posho, na unga wa posho ulikuwa wa mahindi. Ulezi ulikuwa chakula cha kwao. Wabemba nao, wanaouita amale, waliutukuza vilevile, na kwa hiyo mfuko mmoja kutoka Kate uliweza kumpatia mwenye nyumba marafiki kwa jirani wasiojua Ufipa iko wapi.

Pamoja na unga kulikuwa na karatasi. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walipokea boma la Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, na kutoka huko kazi yao ikaenea Ufipa. Shule za misheni ziliwapa watu kusoma na kuandika, na barua ikaanza kutangulia msafiri. Iliandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi na kijana wa shule kwa maneno ya mama asiyesoma, na mama huyo alijua fika kwamba kijana anasikia siri za nyumba yake. Kwa hiyo jambo lenyewe lilifichwa ndani ya salamu. Salamu za majirani wote kwa majina, habari za mbuzi, habari za mvua, kisha sentensi moja kuhusu nauli. Asomaye barua za namna hii kama nyaraka za historia asiziruke salamu, maana aliyeachwa nje ya salamu alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Karatasi ya pili ilikuwa cheti cha ndoa. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini serikali na watawala wa wenyeji hawakupenda wanawake wasio na waume waende mijini; wanawake walizuiwa njiani na kurudishwa. Mwanamke aliyeolewa kanisani aliweza kuomba cheti kutoka daftari la misheni. Aliyeolewa kwa mahari na mashahidi tu, ndoa yake ikiwa halali mbele ya watu wote wa kwao, alisimama mbele ya askari bila ushahidi. Huko kusini mumewe naye alikuwa na karatasi yake, chitupa, ambayo pasipo hiyo hakuwa mtu wa mahali popote.

Njia zilikuwa mbili. Moja ni ya nchi kavu, kupita Sumbawanga na Matai mpaka Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi. Nyingine ni kushuka ziwani, Kipili au Kirando, na kungoja meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa, nayo ikarudi kazini mwaka 1927. Ilikwenda Kasanga mpaka Mpulungu, na toka hapo abiria alipanda malori. Mpaka ziwani msafiri hakuwa peke yake. Alisindikizwa. Ndugu walibeba mizigo kwa kuteremka mteremko, nao walikula sehemu ya unga wakirudi, jambo lililokwisha kuhesabiwa nyumbani.

Tarehe 24 Oktoba 1964 Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia, na uhuru wa pande zote mbili ukaukaza mpaka kuliko ukoloni ulivyofanya. Tanzania ilipata shilingi yake mwaka 1966, Zambia ikapata kwacha mwaka 1968, basi akiba ya mchimbaji ikawa fedha isiyonunua kitu Kate. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, haikupita Ufipa. Ilivuka Tunduma, na safari za watu wa uwanda huu zikageuka kuelekea huko. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa Tunduma na Nakonde. Wajukuu wa wachimbaji wale ni raia wa Zambia, wasemao Kibemba, na safari imegeuka: ni wao wanaokuja kuwatazama wazee. Huja na sabuni, nguo na simu. Nao wakiondoka hupewa unga wa ulezi, ambao sasa husagwa kwa mashine, na bibi wa Kate huufunga katika mfuko wa plastiki na kuutia ndani ya mfuko mwingine, kwani basi la Tunduma lina vumbi na safari ni ndefu.