Boma la Kalenga na Watoto Wetu

Mtwa Mkwawa aliizungushia Kalenga boma la mawe, watu wake wakae salama. Lakini Wadachi waliuteka mji tarehe 30 Oktoba 1894. Naye Mkwawa akafa mwaka 1898, na vita vikaleta njaa. Karibu na hapo, Tosamaganga, Wabenediktini walijenga misioni. Mwaka 1919 wakaja mapadre wa Consolata. Watoto wa nchi iliyoshindwa wakafundishwa sala na kusoma. Shule ikawa boma lao jipya.

Walakini boma hili nalo laweza kuanguka. Mimi mwalimu nimeona: mtoto mwenye njaa hasikii Katekisimu. Bwana wetu aliwafundisha makutano, akawalisha pia. Basi, wazazi, mwombeeni mtoto, tena mpeni uji kabla hajaondoka.