Mipaka ya Usambara Tangu Siku za Vuga

Walimu wetu huandika neno "Usambara" katika daftari za ubatizo, wala si wengi wajiulizao nchi hiyo yaanza wapi na kukoma wapi.

Watu wa kale hawakuipima kwa kamba. Kwao mpaka ulikuwa mteremko. Juu, penye mvua, ukungu na migomba, paliitwa Shambaai. Chini, penye jua kali na miiba na homa, ni nyika. Mtu aliyeshuka hata Mombo alikuwa amekwisha kutoka katika nchi yake, ijapokuwa aliona moshi wa kijiji chake juu ya kichwa chake. Upande wa mashariki bonde la mto Lwengera laikata milima vipande viwili, ndiyo maana twasema Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki.

Mpaka wa pili ulikuwa wa kodi. Wakilindi, wazao wa Mbegha aliyetoka Nguu, walitawala toka Vuga. Krapf alipofika huko mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai, ambaye enzi yake ilivuka milima ikashuka mpaka Bondei. Naye aliwaweka wanawe katika nchi ndogo ndogo, na kila mji wa mtoto ukawa kama Vuga nyingine. Aliyepeleka kodi Vuga alikuwa mtu wa Vuga, hata akikaa nyikani. Alipokufa mwaka 1862 jamaa zake wakapigana. Semboja alikaa Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, akapata bunduki, Wabondei wakaasi, na watu wadogo, ambao hawakuwa na neno katika ugomvi ule, wakauzwa utumwani. Hivyo nguvu ilishuka mlimani, Vuga ikabaki na heshima.

Wadachi wakamnyonga Mputa wa Vuga mwaka 1895. Boma lao hawakuliweka Vuga, bali Wilhelmstal, mahali ambapo leo ni Lushoto, nayo reli ya Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Sasa mlima na nyika vikaandikwa katika karatasi moja. Waingereza baadaye walimrudishia mtawala wa Vuga cheo chake, hata utawala wa machifu ulipokomeshwa baada ya Uhuru.

Na kanisa je? Wamisionari wa Betheli walifuata miji ya Wakilindi: Mlalo mwaka 1891, Vuga mwaka 1895, Bumbuli mwaka 1899. Waanglikana walikuwa wamekwisha kushika Magila katika Bondei, na Wakatoliki wakajenga Gare. Tusifiche neno: wengi wetu tu Walutheri kwa sababu ya mlima tuliozaliwa, wala si kwa kupima mafundisho.

Siku hizi wilaya ya Lushoto ina halmashauri mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli, na mashamba ya mlimani yamekuwa membamba. Watu wetu hushuka kulima nyikani, na wapo ambao wakifa hupandishwa juu wazikwe kwenye migomba ya baba zao. Mkristo wa namna hii ni wa usharika gani? Walimu wengine humwandika penye shamba lake, wengine penye kaburi. Kwa hiyo daftari za sharika mbili jirani zikiwekwa pamoja, mtu mmoja huonekana mara mbili, na mwingine haonekani kabisa.